Nani Atahesabu Mshahara wa Mpishi?



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya viwanda vya nguo na mashamba ya miwa. Leo naandika juu ya mwajiri mdogo kabisa, mwajiri asiye na faida wala bomba la moshi. Hapa Kimaka, upande wa kiwanja cha ndege, kuna kituo cha watoto kilichoanzishwa kwa michango ya wafanyakazi na ya akina mama wajane. Wazazi wanaokwenda zamu ya asubuhi huwaacha watoto alfajiri na kuwachukua jioni. Kituo kina waajiriwa 9: walimu wanne wa chekechea, muuguzi, mpishi na msaidizi wake, mlinzi mmoja, na karani wa hesabu ambaye pia hupokea karo na kununua sabuni.

Watu wa namna hii hawana chama. Wakidai, huambiwa kwamba hii ni kazi ya huruma na mfadhili hajatuma fedha. Lakini mpishi wa kituo ni mfanyakazi sawa na yule wa kantini ya kiwanda. Jiko lake ni lile lile na moshi wake ni ule ule.

Mwaka jana mama mpishi alikwenda ofisi ya NSSF mjini Jinja kuuliza akiba yake. Hakuwa na ugomvi na mtu, alitaka kujua tu. Akaambiwa kwamba miezi 7 haikuonekana. Akarudi na karatasi mkononi, akaiweka juu ya meza ya kamati, akaenda zake jikoni maana watoto walikuwa hawajala.

Kamati ilipofungua daftari iliona kuwa kila mwezi alikatwa. Fedha zile hazikuibwa na mtu. Katika miezi ile mfadhili alichelewa, na kamati ikaamua kununua unga na maharage kwa chochote kilichokuwamo katika sanduku. Kwa maneno mengine, mama mpishi alikuwa akipika posho iliyonunuliwa kwa akiba yake ya uzeeni, naye hajui. Tena katika mwaka wa fedha 2023/24 Mfuko ule uliwapa wanachama riba ya asilimia 11.5. Fedha isiyopelekwa haipati riba, kwa hiyo alikuwa akipoteza mara mbili.

Kamati iliona aibu, nayo ikaamua kama wanavyoamua watu wengi siku hizi: tununue programu ya kompyuta ya kuhesabu mishahara, ili mambo yawe sawa. Wakaniita mimi kwa kuwa ni mtu wa chama na nimezoea kusoma hati za mishahara za viwandani. Nilikubali, ingawa elimu yangu ya darasani ilikoma shule ya msingi na kompyuta nimejifunza ukubwani. Neno la kwanza nililowaambia ni kwamba programu haipeleki fedha NSSF. Fedha hupelekwa na watu. Programu inaweza kuonyesha kwamba hazikupelekwa, na hilo likatupa njia ya kuchagua.

MAKATO YENYEWE

Kabla ya kwenda dukani mtu hujua anataka kupika nini. Vivyo hivyo, kabla ya kuangalia programu yoyote tulikaa Jumamosi moja na kalamu tukahesabu mishahara ya watu watatu kwa mkono. Tulichukua mwezi wa Machi, usio na kodi ya huduma ya wilaya, nitakayoieleza baadaye.

Hapa Uganda mwajiri yeyote hukutana na makato mawili makubwa. La kwanza ni kodi ya mapato, ile tunayoiita PAYE, inayokwenda URA. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi haukatwi kodi hii. Kutoka hapo hadi 335,000 hukatwa asilimia 10 ya kile kilichozidi 235,000. Kutoka 335,000 hadi 410,000 ni shilingi 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 335,000. Ukipita 410,000 ni shilingi 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi. Wanaopata zaidi ya milioni 10 wana nyongeza yao, lakini hao hawapo Kimaka, au kama wapo hawaji kwenye mikutano yetu. Bunge likibadilisha viwango hivi, au kama limekwisha kuvibadilisha wakati unaposoma, tumia vile vya mwaka wako.

La pili ni NSSF. Mfanyakazi hutoa asilimia 5 ya mshahara wake wote, mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, jumla asilimia 15. Zamani sheria iliwagusa waajiri wenye watu 5 na zaidi. Marekebisho ya Januari 2022 yaliondoa mpaka huo, na sasa hata mwenye mfanyakazi mmoja hana budi kuandikishwa. Taasisi ndogo nyingi zilikuwa zimejificha nyuma ya ule mpaka wa watu 5, na nyingine hazijatoka mafichoni hadi leo.

Haya, mlinzi anapata 220,000. Kodi hakuna. NSSF ni 11,000. Anapokea 209,000.

Muuguzi anapata 480,000. Amepita 410,000 kwa 70,000, na asilimia 30 yake ni 21,000. Ongeza 25,000, kodi ni 46,000. NSSF ni 24,000. Anapokea 410,000 kamili, na mwajiri anamwongezea 48,000 huko NSSF.

Tulipofika kwa mama mpishi tuliligundua kosa la pili, ambalo hata yeye hakulijua. Mshahara wake wa msingi ni 240,000, na anapewa posho ya usafiri 60,000, jumla 300,000. (Nasema posho kwa maana ya Kiswahili cha ofisini, siyo ile ya sufuria. Ingawa ukifikiri, neno ni lile lile: wazee wetu mashambani walipimiwa unga kama sehemu ya ujira wao.) Daftari lilikata asilimia 5 ya 240,000 tu, yaani 12,000. Lakini posho ya fedha inayolipwa kila mwezi ni sehemu ya mshahara. Ilipasa kukatwa 15,000, na kituo kiongeze 30,000, jumla 45,000 kila mwezi. Kwa hesabu ya daftari ingekwenda 36,000 tu. Hivyo hata katika miezi iliyopelekwa, akiba yake ilipungukiwa 9,000 kila mwezi.

Kodi yake ni asilimia 10 ya ile 65,000 iliyozidi 235,000, yaani 6,500. Wako waajiri wanaokata asilimia 10 ya mshahara mzima wakasema ni 30,000, na mfanyakazi asiyejua hunyamaza. Ukijumlisha, mama mpishi anastahili kupokea 278,500.

Tukaziandika namba hizo tatu kwa wino juu ya karatasi moja: 209,000, 278,500, 410,000. Tukakubaliana kwamba programu yoyote itakayoletwa ipewe watu hao watatu kwanza. Isiyotoa majibu hayo, au isiyoweza kueleza kwa nini imetoa mengine, irudi ilikotoka hata kama ina picha za kupendeza.

WALIOTULETEA BIDHAA

Wa kwanza alikuwa kijana kutoka Kampala, mwenye adabu na tai. Programu yake inakaa kwenye intaneti, nawe hulipa kila mwezi kwa kila kichwa cha mfanyakazi. Ilijua sheria za Uganda, na majibu yetu matatu ilitoa bila kusitasita. Kwa kiwanda cha watu 300 ningesema tuifikirie. Kwa watu 9 kulikuwa na kiwango cha chini cha malipo, maana kampuni haijisumbui kwa vichwa 9, na tulipopiga hesabu ya mwaka gharama ilizidi mshahara wa mwezi mmoja wa mlinzi na mpishi ukiwaweka pamoja. Bei nayo ilihesabiwa kwa dola. Michango yetu ni ya shilingi, na hakuna aliyeweza kutuambia dola itakuwaje mwakani.

Nilimwuliza swali moja: tukishindwa kulipa, kumbukumbu zetu zitakuwaje? Akasema zitahifadhiwa salama. Nikauliza kama tutaweza kuzisoma. Hapo akasema ataulizia ofisini.

Sikuuliza kwa uchokozi. Wenzetu wa Mbale, taasisi ndogo inayowahudumia wagonjwa majumbani, walinunua programu ya namna hiyo kutoka kwa muuzaji mwingine. Mwaka wa kwanza ulilipwa na mfadhili. Mwaka wa pili mfadhili alikuwa ameondoka, ada haikulipwa, na asubuhi moja karani akakuta mlango umefungwa. Mishahara ya miaka miwili imo ndani, na nakala za karatasi hawakuchapisha kwa kuwa waliambiwa karatasi imepitwa na wakati. Mfanyakazi wao mmoja alipotaka uthibitisho wa mshahara apate mkopo katika chama cha akiba na mikopo, hakuna aliyeweza kumpa.

Katika habari ya intaneti, nitawakumbusha Januari 2021. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14, na intaneti ya nchi nzima ilizimwa tangu tarehe 13 hadi 18. Sasa angalieni kalenda: tarehe 15 ya mwezi ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka PAYE na NSSF za mwezi uliopita. Mwenye orodha yake yote ndani ya intaneti hakuweza hata kuiona. Umeme nao mnajua. Tunaishi hatua chache kutoka bwawa la Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954, na bado twaweka mshumaa karibu na kitanda.

Wa pili hakuwa muuzaji. Alikuwa mpwa wa mwenyekiti, ana programu kubwa ya hesabu ya ng'ambo katika flashi, akasema ni ya bure. Haikuwa ya bure, ilikuwa imeibwa. Niliwaambia kamati kwamba kituo kinachoomba fedha za watu hakiwezi kuendeshwa kwa kitu cha wizi, na zaidi ya hayo programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi. Lakini tuliijaribu katika kompyuta ya mpwa mwenyewe ili tuone. Ilikuwa imepangwa kwa sheria za Kenya. Ikamkata mlinzi wetu fedha za bima ya afya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, makato ambayo Uganda hayapo. NSSF nayo ikatoa namba ngeni. Hili lazima mlijue, hasa ninyi mlioko karibu na Busia na Malaba: herufi NSSF ni zile zile Kenya, Uganda na Tanzania, lakini ni mifuko mitatu tofauti. Kenya hukata asilimia 6 kila upande kwa madaraja na mipaka yake. Tanzania jumla ni asilimia 20, kwa kawaida 10 kwa 10. Programu iliyoandikwa “kwa Afrika Mashariki” iulizwe ni ya Afrika Mashariki ipi.

Ya tatu ilipendekezwa na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi: programu za bure kwa haki, ambazo waliozitunga wameruhusu kila mtu azitumie na kuzibadilisha. Iko moja iitwayo Frappe HR, iliyotengwa na ile kubwa ya ERPNext mwaka 2022. Ni nzuri. Inaandika likizo, mikopo, tarehe za kuanza kazi na mishahara. Lakini unapaswa kuijengea makato ya Uganda mwenyewe, kuiwekea kompyuta inayowaka saa zote, na kuwa na fundi wa kuitunza. Fundi huyo ana mshahara wake. Kwa ushirika mkubwa wenye mtu wake wa kompyuta naisifu. Kwa kituo chetu ingekuwa kama kununua trekta kwa bustani ya sukuma wiki.

Ikabaki ya nne, ambayo ndiyo tuliyoichukua: jedwali la kompyuta. Programu iitwayo LibreOffice ni ya bure kabisa tangu ilipoanzishwa mwaka 2010, inafanya kazi katika kompyuta kuukuu, haihitaji intaneti, na inafungua mafaili ya Excel, ambayo ndiyo namna ya orodha zinazopokelewa na URA na NSSF. Karani wetu na yule mwalimu walitengeneza kurasa tatu. Ya kwanza ni ya watu na mishahara yao, ya pili ni ya viwango vya kodi peke yake, ya tatu hutoa hati ya kila mfanyakazi.

Ile ya pili ndiyo yenye akili. Viwango vikiandikwa ndani ya kila hesabu, siku Bunge litakapovibadilisha utakuta mahali pengine pamerekebishwa na pengine pamesahauliwa. Vikiwa katika ukurasa mmoja, unabadilisha mara moja tu.

Sisemi jedwali halina ubaya. Ukibonyeza vibaya unafuta hesabu bila kujua, kwa hiyo mistari ya hesabu tuliifunga kwa neno la siri, na wanaolijua ni wawili. Kosa jingine tuliliona katika majaribio, tulipojifanya tuko Julai. Ile kodi ya huduma ya wilaya niliyoitaja hulipwa kufuatana na kipato, haizidi shilingi 100,000 kwa mwaka hata kwa wenye mishahara mikubwa, na hukatwa kwa mafungu manne, Julai hadi Oktoba. Jedwali letu lilianza vema Julai, likaendelea Novemba, likaendelea Desemba, na lingeendelea hadi Pasaka kama karani asingeliona. Ninyi wa mashambani, angalieni hati zenu za Novemba.

KARANI AKAE AU AONDOKE?

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua zaidi ya bei. Katika mkutano wa pili mjumbe mmoja alisema kwa nia njema kwamba programu ikishanunuliwa, karani ataweza kupunguzwa, na mshahara wake ndio utakaoilipia programu. Karani alikuwapo, anaandika kumbukumbu za mkutano. Aliliandika neno hilo pia.

Kuhesabu mishahara ni kati ya kazi za kwanza kabisa ambazo kompyuta ilipewa katika biashara. Kampuni ya J. Lyons ya London, wauzaji wa chai na mikate waliokuwa pia na mashamba ya chai Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilianza kutumia kompyuta yake iitwayo LEO mwaka 1951. Mwaka 1954, ule ule wa kufunguliwa bwawa letu la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, LEO ikaanza kuhesabu mishahara. Hesabu ya mtu mmoja iliyomchukua karani hodari dakika 8, mashine iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Basi tangu siku ile kila tajiri anapoona kompyuta anaona makarani wakitoka mlangoni.

Lakini tazameni Kanada. Serikali ya kule ilianza kutumia mfumo uitwao Phoenix mwezi wa Februari 2016, ili uwalipe watumishi wake wote. Nafasi zipatazo 1,200 za makarani wazoefu wa mishahara ziliondolewa, na kazi ikakusanywa katika mji mmoja mdogo uitwao Miramichi kwa watu wapatao 550. Fedha zilitarajiwa kuokolewa. Ikawa watu wanalipwa pungufu, wengine wanazidishiwa kisha wanadaiwa, wengine hawalipwi kabisa miezi na miezi. Mkaguzi Mkuu wao aliripoti kwamba kufikia katikati ya 2017 watumishi zaidi ya 150,000 walikuwa na makosa ya mshahara yasiyorekebishwa. Vyama vya wafanyakazi vilipigana hadi vikapata fidia. Mashine ilikuwa ghali, na nchi ni tajiri. Wajuao kwamba fulani alikuwa likizo ya uzazi na fulani alipandishwa cheo walikuwa wameshapelekwa nyumbani.

Niliieleza kamati habari hiyo. Karani wetu ndiye ajuaye kwamba msaidizi wa mpishi alianza kazi kama kibarua, na kwamba kwa Kanuni za Ajira za 2011 kibarua akifanya kazi mfululizo miezi minne hastahili kuitwa kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi. Jedwali linaweza kuhesabu miezi. Haliwezi kwenda kwa mwenyekiti na kumwambia kwamba miezi imetimia. Mjumbe aliyetoa neno lile aliliondoa, nalo likafutwa katika kumbukumbu kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke.

HATI MKONONI

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, enzi ya ukoloni, mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyoimaliza ilitiwa alama, na kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Ulikuwa mfumo wa kikatili, maana siku ambayo msimamizi aliiona haikutimia haikuandikwa, na siku 30 ziligeuka kuwa siku 45. Lakini kitu kimoja kilikuwamo: mfanyakazi aliweza kuishika kadi na kuona alama zake. Leo alama zimo ndani ya mashine ofisini.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema kila malipo ya mshahara yaambatane na hati, ile tunayoiita pesilipu, ikionyesha mshahara, kila kato na sababu yake, na kinachobaki. Tena iwe katika namna na lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa. Maneno hayo ya lugha wengi hawayajui. Hati yenye vifupisho vya Kiingereza tupu, apewe mlinzi aliyesoma darasa la tatu, haimfikii. Hati za kituo sasa zina maneno ya Kiswahili na Lusoga, kwa kuwa jedwali linakubali neno lolote utakaloandika. Programu ya kijana wa Kampala ilikuwa na lugha mbili pia, Kiingereza na Kifaransa.

Tuliongeza mstari mmoja ambao sheria haikuutaja. Chini ya kato la NSSF kuna nafasi ya kuandika tarehe ambayo fedha ya mwezi uliopita ilipelekwa, na namba ya stakabadhi. Nafasi hiyo haijazwi na mashine. Karani huijaza kwa kalamu baada ya kulipa, na mweka hazina hutia sahihi. Ikiwa tupu, mfanyakazi anaiona mwezi huo huo, hangoji miezi 7. Hapa kulikuwa na ubishi mkali. Mweka hazina alisema tunamwekea mtego. Nikamjibu kwamba ni kweli, na mtego ni wa kamati nzima pamoja na mimi niliyeshauri.

Kuhusu kulipa kwa simu, walimu walitaka hivyo, mpishi na mlinzi hawakutaka. Wanaotaka waelewe kwamba tangu 2018 kuna ushuru wa asilimia 0.5 kila unapotoa fedha za simu. Kwa mshahara wa 278,500 ni kama shilingi 1,390, mbali na ada ya kampuni ya simu. Mwajiri akichagua simu kwa urahisi wake yeye, basi gharama ya kutoa awe nayo yeye. Kamati ilikubali kuiongeza juu. Viwandani bado hatujafika hapo, na nitalileta jambo hili katika mazungumzo yajayo.

Na mishahara ni siri ya mtu. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019 inagusa hata kituo cha watu 9. Kompyuta inafungwa kabatini, nakala moja ya flashi iko kwa mwenyekiti ikiwa na neno la siri, na kila mwezi orodha inachapishwa, inatiwa sahihi na kuwekwa katika jalada. Gharama yote hadi sasa ni rimu ya karatasi, wino, flashi mbili, na chai ya Jumamosi nne za mafunzo. Mwalimu wa ufundi hakudai kitu. Tukizidi watu 30 tutakaa tena na kuangalia upya, maana jedwali lina ukomo wake.

Deni la mama mpishi na wenzake limekubaliwa kwa maandishi. Kituo kitalipa miezi 7 na ule upungufu wa posho kwa mafungu, sehemu zote mbili kutoka fedha za kituo, bila kumkata mfanyakazi mara ya pili. Fungu la kwanza limeshapelekwa. Mama mpishi hakusema asante, alisema atakwenda Jinja kuangalia.

Hati za kwanza zilitolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mlinzi alikaa na yake langoni usiku kucha akiwa na tochi. Asubuhi akairudisha kwa karani. Hesabu ilikuwa sawa, lakini jina la baba yake lilikosewa herufi, na namba yake ya NSSF ilikuwa na 6 mahali pa 9. Fedha zake zingekwenda kwa mtu mwingine. Imesahihishwa, na tumezikagua namba za wengine wote 8.